Sura ya Saba: Kasuku Atasomea Nyumbani

Siku ya kumi na moja tangu Kasuku agome kwenda shule, mama yake alikuwa bado anaambiwa kwamba mtoto ana tumbo.

Tumbo gani hilo lisilosikia dawa? Mama Kasuku alijiuliza swali hilo tangu asubuhi, huku akinyoosha shuka za hospitali kwenye chumba cha mbele, ambacho ndicho kilikuwa sebule na ndicho kilikuwa mahali pake pa kazi. Alikuwa dobi, tena dobi wa kutegemewa. Mashuka ya wodi mbili yalipita mikononi mwake kila wiki, pamoja na makoti meupe ya madaktari na vitambaa vya meza vya hoteli moja iliyo karibu na stendi. Mvuke wa pasi ulimlowesha uso naye akauacha. Siku hizo aliona afadhali watu wasijue kipi ni jasho na kipi ni machozi.

Kasuku alikuwa na miaka tisa. Jina hilo la utani alipewa na marehemu baba yake, enzi hizo mtoto ana miaka miwili na hanyamazi hata usingizini. Baba aliondoka kwa ajali, na miezi michache baadaye maneno ya mtoto yakaanza kukwama kooni. Kigugumizi kikaingia na kikakaa. Lakini jina halikubadilika, na kila mtu mgeni alipoambiwa, "Huyu ndiye Kasuku," kisha akasubiri salamu isiyotoka, mama mtu alijisikia kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

Ijumaa jioni, alipoona dawa zote za tumbo zimekwisha bure, alimkalisha mtoto mezani na kumpa kalamu na daftari.

"Sitakuuliza kitu," alimwambia. "Wewe andika tu. Siku ile ya mwisho uliyokwenda shule, kulitokea nini? Andika hata kama ni kurasa kumi. Sitakugombeza."

Kasuku aliandika mistari michache tu. Alipomaliza alifunga daftari, akalisukuma upande wa mama yake, akaenda kulala na nguo zake za mchana.

Mwandiko ulikuwa mzuri, wa herufi za kulala. *Mwalimu Mkuu alikuja darasani kwetu. Alisema nisome ukurasa wa kumi na mbili. Neno la kwanza lilikuwa mbuzi. Sikuweza. Alisema nipande juu ya kiti nisishuke mpaka niseme. Nilisimama mpaka kengele. Wenzangu walikuwa wananiigiza. Nilijikojolea. Mwalimu wa kwetu alikuwa mlangoni. Aliangalia viatu vyake.*

Mama Kasuku alisoma mara moja, akasoma tena. Mstari wa kujikojolea ulimchoma. Lakini uliomuua ni ule wa mwisho.

"Mwalimu wa kwetu" alikuwa mmoja tu. Ndivyo mtoto alivyomwita ili kumtofautisha na walimu wengine, maana huyu alikuja nyumbani, alikunywa chai jikoni kwao, na baada ya wiki tano angekuwa mume wa mama yake.

*

Mwalimu alianza kuja miaka miwili nyuma, akiwa na shati moja jeupe la kunyooshwa. Wiki iliyofuata alileta mawili. Ya tatu alileta manne, na Mama Kasuku alipoyakunjua aligundua kwamba mawili yalikuwa bado na zile pini za dukani kwenye kola.

"Mwalimu, haya hayajavaliwa," alimwambia.

"Najua," alijibu, akitazama pembeni, masikio yakimwiva. "Yaliyovaliwa yameniishia."

Mama Kasuku alicheka siku hiyo, yeye aliyekuwa hajacheka miaka mitatu. Mwanamume mpole, mrefu, mwenye sauti ya chini inayokufanya usogee karibu ili usikie. Alipomtazama, alimtazama kama mtu anayesoma ukurasa asiotaka uishe. Na kwa Kasuku alikuwa na subira ambayo hata ndugu wa damu hawakuwa nayo. Mama Kasuku alimpenda kwa hilo kabla ya kumpenda kwa mengine.

Sasa usiku kucha alijaribu kumweka mtu huyo mlangoni mwa darasa, anatazama viatu. Picha haikukaa. Na bado mtoto wake hakuwa mwongo.

Jumamosi asubuhi alikuja Mama Pacha kuchukua mapazia yake. Huyu alikuwa mteja wa siku nyingi, mwanamke wa maneno mengi na kicheko kikubwa, aliyewafundisha mapacha wake nyumbani tangu mmoja wao aanze kuanguka kifafa. Mtaa mzima ulimsema. Yeye aliwapa mgongo.

"Mama Pacha, nikuulize," alisema Mama Kasuku, akimfungia mapazia kwenye gazeti. "Mtu asiyekuwa mwalimu anaweza kweli kumfundisha mtoto?"

Mama Pacha hakucheka. Aliutazama ule uso, akavuta kiti bila kukaribishwa.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Nilimaliza sekondari."

"Basi umenipita. Sikiliza, shoga yangu. Kitu cha kwanza, nenda ofisi ya elimu, andika barua, wakugongee muhuri. Usimfiche mtoto ndani kama gunia la magendo. Waulize ni lini atafanya mtihani na ataufanyia wapi. Cha pili, tafuta muhtasari wa masomo. Ule ndio unaokuonyesha darasa la nne wanatakiwa kujua nini. Mimi nilihangaika nusu mwaka bila huo, nafundisha gizagiza. Cha tatu, maktaba. Yule mkutubi mwenye miwani ana roho nzuri, atakuazimisha vitabu kumi kwa mpigo ukimwambia ukweli. Na redioni kuna vipindi vya masomo kila asubuhi. Wewe unanyoosha, mtoto anasikiliza."

"Ni rahisi hivyo?"

"Nani kasema rahisi? Kuna siku utajifungia chooni ulie. Kuna siku watakuambia, hatutaki shule, Mama, tunataka kucheza, na wewe mwenyewe utatamani kucheza." Alisimama, akapakata mapazia yake. "Ila wangu sasa wanasoma. Na yule wa kifafa akianguka, anaangukia kwenye godoro, sio kwenye vicheko."

Alipoondoka, Mama Kasuku alishika ukingo wa meza. Alikuwa ameshaamua.

*

Saa kumi alasiri mvua ilikuwa inanyesha, na dada yake mkubwa alikuwa ameshafika na orodha ya wageni wa harusi. Dada Mkubwa ndiye aliyemlea baada ya wazazi kufariki, ndiye aliyemzika shemeji yake, na ndiye aliyeisimamia posa hii kuanzia barua mpaka kadi. Alipoelezwa kwamba Kasuku harudi shule, aliivua miwani yake taratibu.

"Rudia, mdogo wangu. Nilikuwa na maji masikioni."

"Atasomea nyumbani, Dada. Nitamfundisha mwenyewe."

"Wewe? Utamfundisha nini? Wanga na pasi?" Alipunguza sauti kwa sababu mtoto alikuwa chumba cha pili. "Hivi unajua upande wa mwanamume watasemaje? Mama yake hata hivi alikupokea kwa kuuma meno, kwamba mwanawe hajaoa anachukua mjane mwenye mtoto. Leo waambiwe mtoto mwenyewe hata shule hana, na baba wa kambo ni mwalimu wa shule hiyohiyo! Unataka kumvua nguo mwenzako mbele ya watu?"

Kabla hajajibiwa, hodi ilisikika. Mwalimu aliingia akikung'uta mwavuli, shati limemganda mabegani. Macho yake yalimtafuta Mama Kasuku kwanza, kama kawaida yao. Safari hii hayakupokelewa.

"Shikamoo, shemeji," alimwamkia Dada Mkubwa, kisha akageuka. "Mgonjwa wetu anaendeleaje? Tumbo limetulia?"

Mama Kasuku aliiweka pasi juu ya kisimamio chake.

"Hebu afadhali umekuja, shemeji," Dada Mkubwa aliwahi. "Zungumza na mchumba wako. Anasema anamtoa mtoto shule."

Mwalimu alikunja uso. "Kumtoa? Kwa nini? Mpenzi, siku kumi na moja zinafidika. Nitamfundisha jioni, atawafikia wenzake. Lakini kumtoa kabisa..." Alikaa, akajipangusa maji usoni. "Mtoto anahitaji wenzake. Akikaa hapa ndani na mashuka ya wagonjwa, kile kigugumizi si ndio kitazidi? Nakuambia kama mwalimu."

"Niambie kama mwalimu, basi," alisema Mama Kasuku. "Siku ile Mwalimu Mkuu alipompandisha juu ya kiti, ulikuwepo?"

Mvua ilisikika juu ya bati. Dada Mkubwa alimtazama mmoja, akamtazama mwingine.

Mwalimu angeweza kukana. Ukweli ni kwamba Mama Kasuku alimwombea akane. Alitaka asikie uongo mzuri, uongo wenye maelezo, aushike na kuuamini mpaka uzeeni.

"Nilikuwepo," alisema.

"Ulikuwa wapi?"

"Mlangoni. Nilikuwa napita na madaftari."

"Ulifanya nini?"

"Sikufanya kitu."

"Kiti gani?" aliuliza Dada Mkubwa. "Mnaongea habari gani nyinyi?"

Mama Kasuku alimpa daftari. Dada mtu alivaa miwani, akasoma, na alipofika mwisho akaivua tena.

"Yule mzee hapingwi mbele ya wanafunzi," Mwalimu alisema, sauti ikizidi kushuka. "Niliwaza nimwache amalize, kisha nimfuate ofisini, tuzungumze watu wazima. Nilijua nikiingia pale atanigeuzia kibao, darasa lote litaona. Niliogopa. Sina neno lingine. Niliogopa."

"Ukamfuata ofisini?"

"Bado."

"Bado." Mama Kasuku alilirudia neno hilo kama mtu anayeonja kitu kilichochacha. "Siku kumi na moja. Na kila siku umekuja hapa. Umekaa kwenye kiti hicho, umekunywa chai yangu, umemuuliza mwanangu tumbo linaendeleaje. Na yeye anakutazama, anajua kwamba unajua. Ulikuwa unamuuliza nini hasa, Mwalimu? Kama ameshanisimulia?"

Machozi yalikuwa yamemjaa Mwalimu, na alikuwa mzuri kwa namna ya kuumiza akiwa hivyo, mabega yameshuka, mikono mikubwa imekaa bure juu ya magoti. Kila kiungo cha Mama Kasuku kilitaka kuzunguka meza ile, kikichukue kile kichwa na kukiegemeza kifuani. Badala yake alichukua shuka nyingine, akaikunjua.

"Nenda nyumbani," alisema. "Mvua imepungua."

Mvua haikuwa imepungua. Alikwenda, mwavuli wake akausahau.

Dada Mkubwa alingoja mpaka nyayo zikapotea. "Kakosea," alisema. "Sikatai, kakosea sana. Lakini mdogo wangu, mwanamume hajakupiga, hajalewa, hana mwanamke mwingine. Kaangalia viatu tu. Utampata wapi mwingine kama huyu?"

"Sitampata, Dada," alisema Mama Kasuku. "Najua kabisa kwamba sitampata."

*

Wiki iliyofuata alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa. Jumatatu alikwenda ofisi ya elimu, akakaa kwenye benchi kwa muda wa saa tatu, akarudishwa kwa sababu barua haikuwa na anwani. Jumatano akarudi nayo, afisa akaisoma mara mbili, akamuuliza kama mume wake anajua. "Mume wangu ni marehemu," alijibu, na muhuri ukagongwa bila swali lingine. Alhamisi akaenda maktaba. Mkutubi mwenye miwani alimpa vitabu sita vya hadithi na kimoja cha hesabu kilichochanika jalada, lakini muhtasari wa masomo hakuwa nao. Nakala iliyokuwepo iliazimwa mwaka juzi na haikurudi.

Kila jioni saa kumi masikio yake yalisikiliza hodi. Aliyachukia masikio hayo.

Jumapili hodi ikaja.

Mwalimu alikuwa amekonda kwa wiki moja tu. Alibeba boksi kubwa la karatasi, akaliweka juu ya meza ya kunyooshea na kurudi nyuma hatua mbili, kama mpeleka mizigo anayesubiri sahihi.

"Muhtasari uko juu," alisema. "Chini kuna vitabu vya wanafunzi, vya masomo yote, na viongozi vya mwalimu. Zile kadi za herufi nimezikata mwenyewe. Na kuna daftari. Nimeandika kila wiki ufundishe nini na kwa njia gani, mpaka mwisho wa mwaka."

"Uliandika lini vyote hivyo?"

"Silali siku hizi." Alijaribu kutabasamu, tabasamu likamshinda. "Jumatatu nilisema. Kwenye kikao, mbele ya walimu wote. Nilimwambia Mwalimu Mkuu alichokifanya, na nilichokiona, na kwamba mimi ni mwoga. Amenitaka nijieleze kwa maandishi. Nimejieleza, na nimeomba uhamisho. Naondoka mwisho wa mwezi."

"Mbali?"

"Siku nzima kwa basi."

Alimtazama. Hapo ndipo alipoona kwamba hakuja kujitetea, na hilo likamwia gumu zaidi. Mtu anayejitetea unaweza kumfukuza.

"Naomba nimwone Kasuku," alisema Mwalimu. "Ukikataa, nitaelewa."

Hakukuwa na haja ya kumwita. Mtoto alikuwa amesimama nyuma ya pazia la chumba cha pili, na sasa akatoka, na sweta lake kubwa lililomfika magotini. Mwalimu alipiga magoti sakafuni ili macho yao yalingane.

"Kasuku, siku ile nilikuona. Nilitakiwa kuingia nikushushe. Sikuingia. Sio kosa lako hata kidogo, ni langu. Nisamehe."

Kasuku alimkazia macho kwa muda mrefu. Kidevu kikaanza kutetemeka, shingo ikamkakamaa, na mama yake akajua kwamba kuna neno linapanda. Mwalimu naye alijua. Alisubiri bila kumsaidia, kama alivyokuwa akisubiri siku zote.

"Ma-ma-ma..." Kasuku alifumba macho, akavuta pumzi. "Ma-maneno yako ha... ha-hayakwami."

Alikuwa hajasema sentensi nzima kwa wiki tatu. Mwalimu aliinamisha kichwa. Mtoto akanyoosha mkono, akamgusa begani kidogo, kama anavyoguswa mtu aliyefiwa, kisha akarudi chumbani kwake.

Ilimchukua Mwalimu muda kusimama.

"Nakupenda," Mama Kasuku alimwambia. Alitaka alisikie hilo kwanza. "Usiondoke ukidhani pendo limepungua. Halijapungua hata kidogo, ndiyo maana nimechoka hivi. Lakini kila nikikutazama namwona juu ya kile kiti. Nikikuingiza humu ndani, na yeye atakuona hivyohivyo, kila siku, kwenye meza ya chai. Nimemtoa shule ili asikutane na hilo. Siwezi kulileta nyumbani."

"Siku moja je? Akikua?"

"Usiniulize la siku moja. Niulize la leo."

Hakuuliza. Alimshika mkono, akaufungua kiganja, akakitazama kile kiganja kigumu chenye alama za moto wa pasi, akakibusu katikati. Midomo yake ilikuwa ya baridi. Kisha akatoka. Mama Kasuku alikifunga kiganja na kubaki amekifumbata mpaka hatua zake zilipopinda kona ya duka la simiti na kumezwa na kelele za barabarani.

*

Jumatatu saa mbili asubuhi Kasuku alikuwa ameshakaa mezani, amechana nywele, kalamu mbili zimelala sambamba mbele yake. Mama yake alizima redio, akalifungua lile daftari kwa mara ya kwanza.

Mwandiko ulikuwa wa ubaoni, ulionyooka. *Wiki ya kwanza. Asubuhi ya kwanza msisome. Imbeni, anapoimba hakwami. Neno likikwama wakati wa kusoma, usimmalizie. Usimwambie apumue. Usitazame pembeni. Subiri, hata kama ni dakika nzima.* Alifunua mbele bila kupanga, akaangukia katikati. *Wiki ya sita. Hapa utachoka na utajiona hufai. Unafaa. Pumzika siku mbili, nendeni maktaba, msifanye hesabu yoyote.*

Aliisikia sauti yake katika kila mstari, ile sauti ya chini ya kusogelewa. Wiki arobaini aliziandika hivyo, moja moja, mtu aliyejua kwamba hatakuwepo kuzisema kwa mdomo.

"Ma-mama," alisema Kasuku. "Tu-tunaanza?"

Mama Kasuku alitaka kusema ndiyo. Alifumbua mdomo, na neno halikutoka. Lilisimama kooni kama jiwe, na kadiri alivyolisukuma ndivyo lilivyozidi kukaza. Macho yakamjaa. Aliinua mkono kumwashiria mtoto amvumilie kidogo.

Kasuku aliweka kalamu chini. Hakumwambia asilie, hakumwambia apumue, wala hakutazama pembeni. Aliweka mikono yake juu ya meza, akamtazama mama yake usoni kwa utulivu, na kumsubiri.